Papa, matumbawe na meli zilizozama: maswali ya mzamiaji anayetoka Uganda

Ukurasa huu ni wa mtu anayeishi Kampala, Jinja, Mbarara au Arua ambaye anataka kukaa baharini wiki nzima, alale humo humo chomboni na azamie mara tatu au nne kwa siku. Maelezo mengi yaliyopo yameandikiwa watu wa Ulaya. Sisi tunaishi juu ya mita elfu moja, tunatoka nchi yenye malaria na homa ya manjano, na wengi wetu pwani tunaifikia kwa basi. Mambo hayo matatu hubadili majibu mengi, kwa hiyo hata kama umeshasoma kwingine, pitia tena hapa.

Meli ya kulala ni ipi hasa?

Ni chombo chenye vyumba, jiko, sebule, na sitaha ya nyuma iliyopangwa mitungi pamoja na kompresa ya kuijaza hewa. Inaondoka bandarini na hairudi mpaka wiki ikaribie kwisha. Faida yake ni umbali. Visiwa vya Brothers, katika Bahari ya Shamu, viko zaidi ya kilomita 50 kutoka pwani ya Misri, na mwamba wa Daedalus uko mbali zaidi. Boti la kwenda na kurudi siku moja halina kazi huko.

Siku inaanza saa kumi na mbili asubuhi kwa kengele. Mnaelezwa mahali penyewe kwa mchoro wa ubaoni: mkondo unatoka wapi, mnashuka wapi, mnatokea wapi. Mnazama, mnapanda, mnakunywa chai, mnalala. Halafu mnarudia mchana, mnarudia alasiri, na pengine usiku kwa tochi. Anayetarajia disko na kuranda mjini atachoka siku ya pili.

Kwa nini nisizamie Ziwa Victoria, liko hapa hapa?

Utaona nini? Maji ya Gaba na Entebbe ni ya kijani, na mara nyingi mkono wako mwenyewe ukiunyoosha unapotea. Kuna kichocho, kuna viboko, kuna mamba. Matumbawe hakuna, papa hakuna. Meli zilizozama zipo, kama MV Kabalega iliyozama Mei 2005 baada ya kugongana na mwenzake MV Kaawa, lakini hayo si mambo ya kwenda kutalii. Anayezamia ziwani kwetu kwa kawaida ni askari wa majini, na mara nyingi anatafuta waliozama.

Halafu ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia mita 300 kwenda juu, mahesabu ya kuzamia ya kawaida hayafai tena. Yanatakiwa ya nyanda za juu. Ni somo zuri, ila si la mwanafunzi.

Sasa twende wapi?

Kwa meli ya kulala, Misri. EgyptAir inaruka kutoka Entebbe hadi Cairo, na kutoka hapo unachukua ndege ya ndani kwenda Hurghada au Marsa Alam. Meli ni nyingi, ushindani umeshusha bei, na maji ni maangavu kiasi kwamba ukiwa mita 20 chini bado unaiona sakafu ya meli yako juu.

Kuna njia mbili kubwa. Ya kaskazini inapita kwenye meli zilizozama, yaani Thistlegorm na zile za mwamba wa Abu Nuhas, kisha mbuga ya bahari ya Ras Mohammed. Ya kusini na ya visiwa na miamba ya bahari ya wazi, yaani Brothers, Daedalus na Elphinstone, ndiyo ya papa na mikondo mikali. Ushauri wangu: anza kaskazini. Wakala atakushawishi uende kusini kwa sababu picha za huko zinavutia zaidi. Mwache aseme.

Pwani yetu ya Afrika Mashariki nayo ni tamu: Watamu na Diani kwa upande wa Kenya, Mnemba, Pemba na Mafia kwa Tanzania. Huko kuzamia kwingi ni kwa kulala nchi kavu na kutoka na boti asubuhi, na ndiko pa kujifunzia. Fuata upepo: msimu wa kaskazi, takriban Novemba hadi Machi, bahari inakuwa nzuri, kusi ikivuma, hasa Juni na Julai, maji yanachafuka na safari zinaahirishwa. Mafia ina potwe, yule papa mkubwa kuliko samaki wote anayekula vijidudu vya majini, na msimu wake ni Oktoba hadi Machi karibu na Kilindoni.

Sudan ilikuwa na miamba ya ajabu kama Sanganeb na Sha'ab Rumi, pamoja na meli ya Kiitalia Umbria iliyozamishwa na mabaharia wake wenyewe mwaka 1940. Tangu vita vianze Aprili 2023, usiende.

Papa hawatanila?

Hili linaulizwa na kila mtu, na mara nyingi muulizaji ni mtu anayevua Kasenyi au aliyekulia kandokando ya Nile bila kuwaogopa mamba ipasavyo. Mwaka 2005 huko Luganga, wilaya ya Bugiri wakati huo, alinaswa mamba mmoja aliyepewa jina la Osama, ambaye wanakijiji walisema alikuwa ameua watu zaidi ya 80. Mamba mmoja. Linganisha na papa wa dunia nzima: mwaka 2024 mashambulizi ambayo hayakuchokozwa yaliyorekodiwa yalikuwa 47, na waliokufa ni 4.

Hiyo haimaanishi papa ni wa kuchezea. Mwaka 2022 wanawake wawili waliuawa Sahl Hasheesh, kusini mwa Hurghada, na Juni 2023 Mrusi mmoja akauawa Hurghada kwenyewe. Wote walikuwa wanaogelea juu ya maji, hawakuwa wakizamia. Hapo pana la kujifunza: mtu anayepigapiga miguu juu ya maji anavutia, aliye chini, ametulia na anamtazama, havutii hivyo.

Papa utakayemwona karibu zaidi Bahari ya Shamu ni longimanus, yule wa bahari kuu mwenye mapezi marefu yenye ncha nyeupe. Anapenda kuzungukazunguka chini ya meli zilizotia nanga, hasa kuanzia Oktoba hadi Desemba. Ni mdadisi. Anakuja moja kwa moja, polepole, akiwa na vijisamaki vya mistari mbele ya pua yake, anapita kando yako kama mwenye nyumba anayekagua wageni, kisha anageuka na kurudi. Usimkimbie. Simama wima majini, mgeuzie uso kila anapogeuka, kaa karibu na wenzako, mikono iwe mwilini. Ukimaliza, panda haraka kwenye boti la mpira, usibaki ukielea ukipiga soga. Meli inayomwaga mabaki ya chakula baharini ili papa waje, ikatae hata kama ni ya bei nafuu.

Daedalus ina papa wenye vichwa vya nyundo, ambao hupita kwenye kina asubuhi na mapema. Wengi huwakosa. Longimanus naye tangu 2019 amewekwa katika kundi la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka, kwa sababu ya mapezi yake kuuzwa kwa supu. Yeye ana sababu zaidi ya kutuogopa sisi.

Ninahitaji cheti gani?

Cheti cha kwanza, kinachoitwa Open Water, kinakuruhusu kwenda mita 18. Cha pili, Advanced, kinakufikisha mita 30, na bila hicho sehemu kubwa ya meli zilizozama utaisikia tu kwa wenzako. Meli nyingi zinazokwenda Brothers na Daedalus hutaka pia uwe na angalau kuzamia 50 kulikoandikwa kwenye daftari lako. Usidanganye. Mkondo wa Brothers hauangalii daftari.

Ongeza kozi ya naitroksi, hewa iliyozidishiwa oksijeni, kwa kawaida asilimia 32. Unapozamia mara nne kwa siku inapunguza naitrojeni inayobaki mwilini, na kozi yenyewe ni fupi. Ujue pia kurusha boya la ishara kutoka chini ya maji. Kwenye bahari ya wazi ndilo linalomwonyesha nahodha ulipo.

Nadharia na mazoezi ya bwawa unaweza kufanya mahali pamoja, halafu zile mara nne za baharini ukamalizia Diani au Zanzibar. Muulize mwalimu wako akuandikie barua ya uhamisho.

Sijui kuogelea vizuri. Je, jaketi la kuelea si litanibeba?

Litakubeba hadi siku litakapogoma. Open Water inakutaka uogelee mita 200 bila kikomo cha muda na uelee dakika 10 bila kushika kitu. Jifunze kwanza. Mabwawa Kampala yapo, na walimu wa kuogelea wapo.

Nikimaliza kuzamia, naweza kurudi nyumbani siku hiyo hiyo?

Hapana. Na hili ndilo jibu ambalo ningependa lisomwe kuliko yote hapa.

Ukiwa chini, naitrojeni ya kwenye hewa unayovuta inayeyuka ndani ya damu na nyama za mwili. Ukipanda taratibu inatoka kupitia mapafu, lakini haiishi yote. Inaendelea kutoka kwa saa nyingi. Ukienda mahali penye shinikizo dogo la hewa kabla haijatoka, inageuka mapovu ndani yako. Kila mzamiaji anaijua hatari hii kwa ndege. Shirika la DAN, linaloshughulikia usalama wa wazamiaji, linashauri usubiri angalau saa 12 baada ya kuzamia mara moja, na angalau saa 18 ukiwa umezamia mara kadhaa au siku kadhaa mfululizo. Aliyelazimika kusimama njiani wakati wa kupanda kutoka chini ili naitrojeni ipungue, asubiri zaidi ya hapo. Mimi kwa safari ya wiki nasema saa 24, na sitanii. Meli nyingi za Misri husimamisha kuzamia mchana wa siku ya mwisho, abiria wakalala bandarini, kwa sababu hiyo hiyo. Unapokata tiketi ya Cairo na Entebbe, hesabu kuanzia saa uliyotoka majini mara ya mwisho.

Wanachosahau watu wetu ni basi. Ushauri ule wa DAN unahusu kimo chochote kuanzia takriban mita 600, iwe ni ndani ya ndege au juu ya kilima. Sasa tazama njia ya kurudi kutoka Diani. Ukifika Voi, saa chache tu baada ya Mombasa, umekaribia mita 600. Nairobi ni karibu mita 1,700. Ukipitia Eldoret kuelekea Malaba unapanda Timboroa, zaidi ya mita 2,700, kimo kinachozidi hata kile cha ndani ya ndege ya abiria. Kampala yenyewe ni kama mita 1,200, na wa Kabale bado ana mlima wa kupanda. Kwa hiyo aliyezamia asubuhi na jioni akapanda basi la usiku, au treni ya SGR, amefanya kosa lile lile la anayekimbilia uwanja wa ndege. Lala pwani usiku mzima. Ule samaki, utembee Mji wa Kale, uondoke kesho yake jioni.

Dalili za mapovu hayo, yaani ugonjwa wa kuzamia, ni hizi: maumivu ya bega, goti au kiwiko yasiyo na sababu, ganzi, mabaka ya ngozi, kizunguzungu, uchovu wa kupita kiasi, miguu kukosa nguvu. Na hapa ndipo Mganda anapoponzwa. Ukiingia kliniki ya Wandegeya ukasema umechoka na viungo vinauma, utapimwa malaria kabla hujakaa. Sema mwenyewe, sentensi ya kwanza: nilikuwa nazamia baharini, nilitoka majini saa fulani. Huduma ya kwanza ni oksijeni tupu, kulala chali na kupiga simu ya dharura ya bima yako ya kuzamia, wakuelekeze kwenye chemba ya shinikizo, chumba maalumu cha kutibu ugonjwa huu. Misri zipo Sharm El Sheikh, Hurghada na upande wa Marsa Alam. Kabla hujalipia safari yoyote, uliza ya karibu iko wapi na kama inafanya kazi.

Na malaria yenyewe je?

Ina sura ya pili. Misri ilithibitishwa na WHO Oktoba 2024 kuwa haina malaria. Homa ikikuanza siku ya tatu baharini, daktari wa huko hana sababu ya kuifikiria. Beba kipimo cha haraka na dozi ya Coartem, na mweleze kiongozi wa meli kwamba unatoka Uganda. Ukiwa na homa usizame. Kama daktari amekupa dawa ya kinga, mwambie kwamba utazamia: mefloquine haipatani na kazi hii, kwani kizunguzungu chake kinafanana na cha ugonjwa wa kuzamia.

Kadi ya manjano ni lazima, Misri wataiulizia. Mwenye pumu, kifafa, tatizo la moyo au presha isiyotulia aonane kwanza na daktari. Mwenye sikoseli asizamie. Mwenye kubeba kinasaba tu apate ushauri wa daktari anayejua mambo ya kuzamia. Mjamzito asubiri.

Thistlegorm ina nini hadi kila mtu aitaje?

Ina mzigo wake. Ilikuwa meli ya Waingereza yenye urefu wa mita 126, ikipeleka vifaa vya jeshi lililokuwa likipigana Afrika Kaskazini. Ilizunguka Rasi ya Tumaini Jema ili kukwepa Mediterania, ikatia nanga kwenye mwamba wa Sha'ab Ali kusubiri zamu ya kuingia Suez, na usiku wa tarehe 6 Oktoba 1941 ndege za Wajerumani zikaipiga mabomu. Watu 9 walikufa. Imesimama wima kwenye mchanga, mita 30 hivi.

Unapoingia chumba cha mizigo, tochi yako inakuta malori, na juu ya malori pikipiki za BSA zimepangwa bega kwa bega, magurudumu yote yameelekea upande mmoja, viti vimeoza lakini usukani upo. Fundi yeyote wa Katwe angeziangalia na kuuliza bei. Pembeni kuna buti za mpira na bunduki zilizogandana. Nje, mbali kidogo na ubavu, limelala garimoshi lililorushwa na mlipuko. Nenda alfajiri au usiku. Saa nne asubuhi boti za Sharm zinafika na kunakuwa kama teksi paki.

Abu Nuhas, nayo, ni mwamba mmoja uliokula meli nyingi: Carnatic mwaka 1869, Kimon M 1978, Chrisoula K 1981, Giannis D 1983. Giannis D imelala ubavu, na ukiingia chumba cha mitambo ngazi zote zimepinda hadi kichwa kinakuzunguka. Usiingie ndani ya meli yoyote bila mafunzo, tochi mbili na kiongozi. Usichukue kitu, hata msumari.

Ipo moja ambayo mimi siingii ndani: Salem Express, feri iliyogonga mwamba karibu na Safaga usiku, Desemba 1991, ikitoka Jeddah. Zaidi ya watu 400 walikufa, wengi wakirudi nyumbani, baadhi wakitoka kufanya umra. Kwetu tuliomzika mtu wa ajali ya ziwani, haihitaji maelezo. Mkipelekwa hapo, una haki ya kubaki juu.

Matumbawe yana shida gani nikiyashika?

Ni wanyama, ngozi yao ni laini, na kipande unachokanyaga kimechukua miaka kukua. Rekebisha uzito wa madini ya risasi kiunoni hadi uelee bila kugusa kitu. Mbuga za bahari za Misri zinakataza glavu kwa sababu nzuri: mwenye glavu hushikashika. Joto la bahari la 1998 liliua matumbawe mengi sana Bahari ya Hindi, na Aprili 2024 wanasayansi walitangaza wimbi la nne la dunia nzima la matumbawe kupauka. Ya kaskazini mwa Bahari ya Shamu yamevumilia joto kuliko mengi.

Nitajuaje kama meli yenyewe ni salama?

Hofia hili kuliko papa. Septemba 2019, meli ya Conception iliungua California watu wakiwa wamelala chini ya sitaha. 34 walikufa, na uchunguzi ukakuta hapakuwa na mlinzi wa zamu usiku. Novemba 2024, Sea Story ilipinduka karibu na Marsa Alam ikiwa na watu zaidi ya 40. Baadhi ya walionusurika walikaa zaidi ya saa 24 ndani ya vyumba, kwenye mfuko wa hewa.

Uliza kabla ya kulipa: nani anakesha usiku? Betri za kamera na simu zinachajiwa wapi? Jibu zuri ni sehemu ya wazi inayotazamwa na mtu, kamwe si chumbani kitandani. Chumba cha chini kina njia ngapi za kutokea? Siku ya kwanza, kabla ya chakula, ipite njia ya dharura kwa miguu yako, uifungue mwenyewe. Nikikuta imefungwa kwa kufuli au imerundikwa magodoro, nashuka meli ikiwa bado imefungwa gatini, na wewe ushuke.

Inagharimu kiasi gani?

Wiki moja Misri huwa kati ya dola 1,000 na 1,800 bila ndege. Kwa dola moja shilingi 3,600, ni kama milioni 3.6 hadi 6.5. Halafu zinakuja ambazo hazikutajwa kwenye tangazo: ada ya mbuga, kukodi vifaa, naitroksi, bima, bakhshishi ya mabaharia. Omba orodha kamili kwa maandishi. Viza ya Misri iombe mapema ubalozini Kampala. Kenya unaingia na kitambulisho cha taifa; kwa Tanzania chukua pasipoti.

Baridi?

Februari maji ya Bahari ya Shamu hushuka hadi nyuzi 21 au 22, na aliyezoea joto la Kampala atatetemeka ndani ya suti nyembamba. Chukua ya milimita 7. Agosti ya milimita 3 inatosha.

Nina rasta. Miwani ya kuzamia itashika?

Itashika ikiwa hakuna unywele chini ya mpira wa usoni. Mkanda mpana wa kitambaa ni bora kuliko wa silikoni, hauvuti. Nywele za kusukwa zifunge chini, shingoni, na uvae kofia nyembamba ya kuzamia. Kama ni wigi, liache Kampala.

Chakula na swala?

Meli za Misri zinapika halali, wali, maharage, kuku na samaki, na mabaharia wenyewe huswali sitahani, ungana nao. Matoke hutaipata. Anayelevywa na bahari ameze kidonge chake saa moja kabla ya meli kuondoka, si baada ya kuanza kutapika, na akijaribu nyumbani kwanza aone kama kinamletea usingizi.

Niweke nafasi lini?

Kwa Oktoba na Novemba, miezi ya longimanus, miezi sita kabla. Kwa njia ya kaskazini, mitatu inatosha. Lipa amana tu kwanza, na kabla ya kutuma salio uwe na viza mkononi.